Likwata wa Ng'ambo, Msimamisha Mji

Nyamazeni kidogo, wana wa Mitondooni, na mwenye karanga kinywani azimeze kwanza, maana jina hili halitajwi mdomo ukiwa umejaa. Zama za mababu wa mababu zetu, mji huu ulipokuwa vibanda tu kandoni mwa mto Lumesi, alifika Likwata mwana wa Nambuta, mjukuu wa Chiwaula mfua chuma, akitokea ng'ambo ya Ruvuma, tezo begani, na mkewe Asumini amejitwika kapu la patasi na misumeno. Likwata Mabega Mapana! Gogo la mvule alilibeba peke yake, na vijana wetu wenye vifua wakamfuata nyuma wakijifanya wanatazama ndege.

Alipoomba kujenga, Jumbe Mkwepu, mtu wa haki lakini mgumu, alitangaza mbele ya watu wote: "Fundi, chonga upendavyo. Ila mhimili, nguzo ya katikati ibebayo paa, husimamishwa na mtu ambaye kitovu chake kimezikwa hapa. Chako hakipo. Na siku ukifa, utazikwa ng'ambo ya mto, kwa wageni wenzio."

Likwata akaitikia, "Nimesikia, Jumbe." Lakini neno lile lilimchoma. Kwao vita ilikuwa imekula kila kitu, makaburi ya wazazi wake yamemezwa na pori, na hakutaka jambo jingine duniani ila kuwa mtu wa mahali fulani.

Basi akachonga milango, miimo na maboriti, akiyaunga kwa ulimi na tundu pale wenyeji walipozoea kufunga kamba. Mihimili wakaisimamisha wenyewe, na hapa nitasema kweli hata mkininunia: wazee wetu walikosea. Waliichimbia na magome yake, eti mti usisahau kwao, na mchwa wakashukuru. Likwata aliwasihi wamenye gome, waunguze mguu wa nguzo kwa moto. Wakamcheka: "Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini si kwenye mhimili!"

Ukaja mwaka wa mvua kubwa. Mto ukafurika, watu wote wakakimbilia baraza la mji, na katikati ya dhoruba ule mhimili ulioliwa na mchwa ukakatika. Lahaula! Paa likashuka, na Likwata akaingia chini ya boriti, akalipokea kwa mabega yake, akanguruma, "Tokeni! Watoto na wazee kwanza!" Wakatoka wote, akabaki Jumbe, aliyekataa kutangulia watu wake. Likwata, mishipa imemtoka shingoni, akamwambia, "Toka, Jumbe. Ukifia humu, nani atanipeleka ng'ambo ya mto?"

Jumbe akatoka. Likwata akaruka nyuma yake, na baraza likalala chini lote. Bega lake moja halikupona tena.

Alfajiri iliyofuata, kwenye mvua, Asumini akajifungua mtoto wa kike. Kitovu chake kilipoanguka, kikazikwa palipokuwa baraza. Ndipo Likwata Mwenye Hila akaleta nguzo ya mkongo, imemenywa, mguu umeunguzwa, akamfunga mtoto kifuani, akakigusisha kiganja cha mtoto kwenye mti na kutangaza: "Jumbe, mwenye kitovu ndiye anayesimamisha. Mimi namshikia tu!"

Watu wakacheka hadi machozi. Jumbe hakucheka. Aliinama akasukumia udongo shimoni kwa mikono yake mwenyewe.

Likwata akajenga mji mzima kwa namna hiyo, kila nyumba na kitoto chake, akazeeka, akafa mchana mmoja akinoa tezo. Vijana, kwa kushika mila, wakachukua jeneza kuelekea mtoni. Wakamkuta Jumbe Mkwepu, kikongwe asiyeona tena, amesimama njiani na bakora.

"Mnampeleka wapi?"

"Ng'ambo, Jumbe. Wewe mwenyewe ulisema."

"Nilisema mgeni. Haya, nitajieni nyumba moja humu ambayo huyu ni mgeni ndani yake."

Wakageuka, wakamzika nyuma ya baraza, upande wa jua linapochomoza. Ndiyo maana hadi leo hapa Mitondooni hakisimami kitu bila kiganja cha mtoto mchanga, na fundi, awe ametoka wapi, husema, "Namshikia tu." Na kule ng'ambo ya Lumesi kaburi la Likwata lilikuwa limekwisha kuchimbwa. Walilifukia tupu, na tangu siku ile hatujachimba jingine kule.