Kilima Kisichopigiwa Ngoma

Paukwa!
Pakawa!
Sogeeni. Leo nasema taratibu.

Hapo zamani za kale, pembeni ya mlima mkubwa, palikuwa na kilima. Mlima ulipigiwa ngoma, ulichinjiwa mbuzi, wageni waliusifia. Kilima hakikusifiwa na mtu. Kila alfajiri Mzee Mrutu alikipanda na jembe lake, akazibua chemchemi iliyolisha mfereji wa kijiji. Ko! Ko! Ko!

Akazeeka. Akawaambia vijana, "Twendeni niwaonyeshe."

"Babu, maji yanatoka mlimani," wakacheka. "Kwenye kichuguu chako utatuonyesha nini, panzi?"

Basi akamwita Nanzia, mjane wa mwanawe. Nanzia akashtuka. "Baba, mwanamke hakanyagi kichwa cha mfereji. Ni mwiko."

"Mwiko tumeuweka sisi, mwanangu. Maji kayaweka Mungu. Chukua jembe."

Wakapanda, mzee kamshika bega. Juu kulikuwa kimya. Akamwonyesha jiwe la kuinua na majani ya kuondoa. Maji yakasema chururu, chururu.

Kiangazi kikaingia, mzee akafa. Chemchemi ikaziba. Mfereji ukakauka, kau!

Nanzia akapiga magoti mbele ya wazee. "Baba zangu, chemchemi ya kilimani imeziba. Niruhusuni nikaizibue."

"Wewe? Unataka kutuletea laana? Kaa na mwanao. Sisi tunaupelekea mlima mbuzi."

Akatii. Wanaume wote wakaenda na ngoma, ti-ti-ti, ti-ti-ti. Nyuma yao Nakunda, binti wa pekee wa Nanzia, akalia kiu, akanywa maji ya dimbwi. Tumbo likamkamata. Hawajarudi, mtoto akafa. Nanzia akachimba kaburi mwenyewe, kwa jembe la mzee. Ko! Ko! Ko!

Jembe hakulirudisha nyumbani. Akapanda nalo kilimani, akainua jiwe. Chururu, chururu.

Wanaume wakiteremka, wakayakuta maji. "Mnaona! Mlima umepokea mbuzi!" Wakacheza. "Nanzia, mbona umenuna? Maji hayo, mama!"

"Nayaona, baba zangu."

Akainama, akanawa udongo wa kaburi mikononi. Na kila alfajiri akapanda kilima, watu hawajaamka. Hakuna aliyemuuliza atokako.

Wanangu, anayewaambia maji yalipo, msikilizeni akiwa mzee, msikilizeni akiwa mwanamke. Tena msikilizeni mapema. Chemchemi huzibuliwa, kaburi halizibuliwi.

Hadithi yangu imeishia pale kilimani. Mungu awarehemu waliolala.