Zimwi Aliyesikiliza Pumzi za Wageni

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu, na wewe wa nyuma acha kumfinya mwenzako.

Hapo kale, juu mlimani kwenye baridi, aliishi Zimwi kipofu mwenye manyoya mazito. Aliwinda kwa masikio. Wenyeji wa mlima walipumua taratibu, hakuwasikia. Mgeni wa bondeni akipanda, huhema. Akihema, ameliwa.

Siku moja ukungu wa baridi ulishuka mpaka bondeni. Zimwi akashuka nao, akambeba Mbazi, binti pekee wa Namkunda, akamfungia pangoni anenepe, amle mahindi yakikomaa.

Namkunda hakula, hakulala, hakuaga mtu. Akaupanda mlima mbio. Hata kwenye mianzi hajafika, kichwa kikamwanga, akatapika, pumzi zikambana.

"Nani anahema?" Zimwi akauliza kutoka juu.

Namkunda akaporomoka mpaka kwenye migomba, uani kwa Bibi Mamburi, mwenyeji wa mlima. Bibi akamweleza desturi yao: bibi harusi kutoka bondeni hupandishwa kwa vituo. Kila kituo hutwanga mahindi huku akiimba. Wimbo ukikatika kwa kuhema, haendi mbele.

"Bibi, mwanangu anangoja kuliwa, nami nitwange?"

"Twanga, mwanangu. Kishindo cha mchi kitamziba Zimwi masikio. Huko juu hewa ni kidogo, na mwili wako haujajua kuishi nayo."

Basi akatwanga. Kwenye migomba wimbo ukakatika, akatwanga, ukatoka mzima. Kwenye mianzi wimbo ukakatika, akatwanga, ukatoka mzima. Kwenye nyasi fupi, karibu na pango, wimbo ukakatika tena. Roho ilikuwa juu juu. Kila asubuhi alichungulia mashamba ya chini: mahindi yamechanua, yamebeba, yameanza kukauka. Akamchukia Bibi, akauchukia mchi, akakichukia na kifua chake mwenyewe. Lakini alitwanga.

Siku moja wimbo ukatoka mzima. Namkunda akautupa mchi, akaingia pangoni, akapita ubavuni mwa Zimwi. Zimwi akatega sikio, asisikie kitu. Mama akamfungua Mbazi, akambeba mgongoni. Binti naye hewa ile alishaizoea.

Walipofika mlangoni, Mbazi akapiga chafya.

Zimwi akaruka. Mama mbele, Zimwi nyuma. Wakapita nyasi, wakapita mianzi, wakapita migomba, wala Zimwi hakutua kituo hata kimoja. Bondeni jua lilikuwa la utosi. Namkunda akaivuta hewa ya kwao, ikamjaa kifuani, akapumua kwa raha. Zimwi manyoya yalimchemsha, ulimi ukatoka nje.

"Nani anahema?" akauliza. Pumzi zilikuwa karibu.

"Nani anahema?" Zilikuwa karibu mno, hapo hapo chini ya kidevu chake.

"Nani anahema?" Akaikamata shingo iliyokuwa ikihema, akaikaba kwa mikono miwili, akaikaza mpaka kukawa kimya.

Namkunda akaketi mavumbini na binti yake mapajani, akalia kwa furaha.

Hadithi yangu imeishia hapo alipoangukia Zimwi. Nanyi mkienda mahali pageni, msiukimbize mwili. Upeni nafasi uzoee, hata kama moyo unataka kufika leo.