Vitanda Arobaini vya Mninga

Gonjwa lilipoingia na mipaka ikafungwa, Mkuu wa Wilaya alimwita Fundi Njelekela, seremala.

"Serikali imeamua kila karakana iwe kiwanda. Ijumaa nataka vitanda arobaini vya hospitali, la sivyo utalala ndani."

"Sawa, Mheshimiwa. Na mbao?"

"Kiwanda ni wewe, unaniuliza mimi?"

"Basi niandikie barua, nichukue mbao popote zilipolala bure, hata kwa mkubwa."

Mkuu alicheka, maana kulikuwa na wakubwa kadhaa aliotamani kuwaona wakilia. Akaandika, akagonga muhuri.

Ijumaa vitanda arobaini vya mninga viling'aa hospitalini. Mkuu akashika maikrofoni ya redio.

"Aliyetoa mbao hizi ni mzalendo. Atakayethubutu kuzidai ni msaliti, nitamfunga! Fundi, mtaje tumpigie makofi."

"Ni wewe, Mheshimiwa," alisema Njelekela kwa unyenyekevu. "Ni zile ulizowanyang'anya wapasua mbao mwaka jana. Zilikuwa zimelala nyuma ya nyumba yako. Mlinzi wako alipouona muhuri, alitusaidia kupakia."

Watu wakapiga makofi. Mkuu naye akapiga, maana redio ilikuwa bado hewani.