Nyumba Iliyongoja Hodi

Nipeni masikio, niwape kisa. Mjane Mwanasiti alihamia nyumba mpya, moyo wake umekufa ganzi. Siku ya kwanza aliingia kimya. Nyumba ikameza mkeka wake. Siku ya pili aliingia kimya, ikameza chungu.

"Hodi nimpigie nani?" alisema. "Ndani hamna mtu."

Siku ya tatu alikuta nyumba imeachama, inamngoja yeye. Mdomo wa Mwanasiti, kwa mazoea ya miaka thelathini ya ndoa, ukatamka wenyewe: "Hodi."

"Karibu," nyumba ikajibu, ikatapika mkeka na chungu.

Haikuwa sauti ya marehemu mumewe, naye hakulia. Aliingia, akafagia, akabandika chungu. Kesho yake akapiga hodi tena.

Nanyi mkifika kwenu, hata kama hamna mtu, pigeni hodi.