Kwa Nini Tunapiga Hodi Mara Tatu

Sogeeni, na anayesuka ukili aendelee kusuka, maana ninayo maneno marefu kidogo. Mmeniuliza kwa nini mtu akifika kwenye nyumba ya watu husimama nje akapiga hodi, tena hodi tatu, na asipojibiwa huondoka hata kama mlango uko wazi. Haya niliyapata kwa bibi yangu mzaa mama, naye aliyapata kwa bibi yake. Nitawapa kama nilivyopewa.

Zamani hizo katika kijiji cha Kibondeni, kusini ya kisiwa, ambako ardhi ni mawe matupu na mtama hupandwa kwenye vijishimo vya udongo baina ya mawe, hapakuwa na mtu aliyepiga hodi mlangoni. Neno lenyewe lilikuwa la wakwezi. Mkwezi akiwa juu ya mnazi, kabla hajaangusha nazi, alipaza sauti, "Hodi! Hodi!" ili aliye chini ajue kuna mtu juu na ajitenge. Basi, kazi ya neno hilo iliishia hapo.

Nyumba zilikuwa za miti na udongo, zimeezekwa makuti, na mlangoni palining'inia kipande cha jamvi cha kuzuia jua na kuku. Aliyetaka moto aliinua jamvi, akaingia, akachukua kijinga jikoni, akatoka. Aliyeona kiu aliingia akateka maji mtungini. Wenyewe wakiwapo au wasiwepo, ilikuwa mamoja. Ungesimama nje ukangoja kuitwa, wangedhani umewanunia.

Ukaja mwaka wa mvua chache, na vitu vikaanza kupotea. Kwanza ulipotea mtama wa mbegu, ule unaowekwa darini juu ya jiko ili moshi ufukuze wadudu. Kisha jembe. Kisha shoka. Kisha mbegu tena, nyumba nyingine. Wizi wenyewe ulifanyika asubuhi jua likishapanda, wanaume wakiwa makondeni na wanawake wakiwa pwani wakifukua makumbi ya nazi topeni. Saa hizo kijijini hubaki kuku, wagonjwa, na Bi Mwaka.

Bi Mwaka alikuwa mwanamke mtu mzima ambaye miguu ilimshinda. Alitolewa barazani asubuhi, akakaa hapo na ukili wake mpaka jioni. Watu walimwendea.

"Bi Mwaka, wewe unashinda hapa. Hukumwona mwizi?"

"Nimeona watu," alijibu. "Kila siku naona watu wanaingia na kutoka. Nitamjuaje kuwa huyu kafuata moto na yule kafuata mbegu?"

Watu wakaanza kutazamana vibaya. Aliyesikitika kwa sauti kubwa kupita wote alikuwa Vuai, mkwe wa Sheha mkuu wa kijiji, mtu mcheshi, anayependwa. Yeye alipita nyumba kwa nyumba akiwapa pole walioibiwa, akitazama dari zao, akitikisa kichwa.

Sasa, palikuwa na mkunga aliyeitwa Bi Mize. Alikuwa mjane, hana mtoto wa kumzaa, lakini nusu ya kijiji walipozaliwa aliwapokea yeye kwa mikono yake. Wakati huo alikuwa akimwangalia binti mmoja, Mosi, mke wa Pandu, mwenye mimba ya kwanza ya miezi minane. Asubuhi moja Bi Mize alichukua bakuli la uji, akaenda kwa Mosi, akainua jamvi na kuingia kama walivyoingia watu wote. Mosi hakuwamo. Kikapu kimoja cha mbegu kilikuwa kimelala chini, na mtama kidogo umetapakaa sakafuni. Bi Mize aliweka bakuli, akapiga magoti, akaanza kuokota.

Mosi alirudi kutoka kisimani akamkuta hivyo.

"Bi Mize," alisema polepole, mtungi bado uko kichwani. "Unafanya nini?"

"Nimekuta mbegu zenu zimemwagika, mwanangu. Naziokota."

"Vikapu vilikuwa viwili, vimejaa. Cha pili kiko wapi, na mbegu nyingine ziko wapi?"

Bi Mize alitazama viganja vyake. Vilikuwa vimejaa mtama. Alifungua kinywa, akaona hana neno ambalo mwizi asingelisema pia.

Mosi alipiga kelele. Ile ilikuwa mbegu ya msimu mzima, na mtoto yuko njiani. Watu walijaa uwanjani, na Vuai akawa wa kwanza kusema, "Basi leo kapatikana." Sheha aliumia moyo, lakini alifanya alichoona ni haki. Alimpa Bi Mize siku saba afunge mizigo yake aende kwa kaka yake, upande wa pili wa kisiwa, na akakataza mtu yeyote kuingia nyumbani kwake kwa siku hizo.

Siku mbili jamvi la mlango wa Bi Mize halikuinuliwa na mtu. Siku ya kwanza alilia. Siku ya pili alikasirika, hasira ya kumfanya afagie uwanja mara tatu. Ndipo katika kufagia huko akajiuliza: mimi nimeingia kwa Mosi mwenyewe hajui, na mwizi kaingia mwenyewe hajui. Mtu atatutofautisha kwa lipi? Aliweka ufagio chini, akakaa nalo hilo mpaka akapata la kufanya. Sheha alikataza watu kuingia kwake, hakumkataza yeye kutoka.

Siku ya tatu Mosi alikuwa ndani akichambua dagaa aliposikia ukelele, "Hodi!" Alijifunika kichwa kwa mikono miwili, akidhani nazi inaanguka.

"Hodi, Mosi! Ni mimi Mize. Niko nje. Sijaingia."

Mosi akaendelea kuchambua dagaa. Ukelele ukaja mara ya pili, kisha ya tatu. Halafu akasikia nyayo zinaondoka, na Bi Mwaka kutoka baraza ya pili akiita, "Yumo ndani huyo! Hataki tu kukujibu!"

"Nimefahamu," alijibu Bi Mize. "Nitarudi kesho."

Watu walicheka. Walisema fedheha imempanda kichwani. Siku ya nne alirudi, akasimama palepale juani, akapiga hodi moja, akangoja, akapiga ya pili. Mosi alishindwa kuvumilia. Alitoka, mkono mmoja umeshika kiuno.

"Mbona unasimama juani kama mgeni, Bi Mize?"

"Siku ile niliingia hujui, ukanikuta. Leo nataka ujue nimekuja kabla sijaingia. Na kijiji kizima kijue. Ukisema nisiingie, naondoka."

Mosi aliwaza juu ya yule aliyepanda darini kwake, jinsi alivyoingia na kutoka bila hata jirani kugeuza shingo.

"Aliyechukua mbegu zetu," alisema, "hawezi kusimama hapa akajitangaza hivi."

"Hawezi, mwanangu."

"Nimekukosea." Machozi yalikuwa yakimtoka. "Karibu, Bi Mize. Karibu ndani."

Bi Mwaka alikuwa amesikia kila neno, na akapiga makofi. Akaagiza aitwe Pandu, akaagiza abebwe yeye mwenyewe mpaka kwa Sheha, na huko hakuzungusha maneno.

"Kila siku mnaniuliza mwizi ni nani, nami sina la kusema, maana nyote mnaingia kimya. Leo nimejua Mize kaja, najua kaja saa gani, na najua Mosi kamkaribisha. Kila mtu akifanya hivi, nitakayemwona anaingia kimya ndiye mwizi wetu."

Vuai, aliyekuwapo hapo kwa mkwewe, alicheka. "Yaani tushinde tunapiga kelele kama kunguru?"

"Siku tatu tu," alisema Pandu. "Kelele za siku tatu zitakudhuru nini?"

Sheha alifikiri, kisha akatoa amri. Anayekwenda kwa mwenzake apige hodi mara tatu, kwa sababu mwenye nyumba anaweza kuwa yuko uani, au anajisitiri, au mikono imo kwenye unga. Akiitikiwa, aingie. Asipoitikiwa, aondoke. Na jirani anayejua mwenyewe katoka, amjibu mgeni kwa niaba yake, ili mgeni ajue kwamba nyumba ile inaangaliwa.

Siku ya tano Kibondeni ilivuma hodi kutwa nzima. Siku ya sita, jua likishapanda, wanaume wakiwa makondeni, kuku walitawanyika mbio nyuma ya nyumba ya jirani yake Bi Mwaka, mtu aitwaye Simai. Bi Mwaka aliinua kichwa. Zamani angesema ni jirani kafuata moto, akaendelea kusuka. Sasa alingoja hodi ya kwanza. Haikuja. Akasikia dari inalia, kwaa, kwaa, kama inavyolia ikikanyagwa.

Kinu kilikuwa karibu naye, kitupu. Alishika mchi akakipiga kwa nguvu zake zote.

"Nani huyo kwa Simai? Mbona hakupiga hodi? Nani huyo?"

Mosi alitoka na mchi wake, tumbo mbele, akaitikia ukelele ule. Wagonjwa wakatoka na mashuka yao. Huko pwani wanawake waliacha makumbi, wakaja mbio mikono ikichuruzika maji ya tope. Alipoinua jamvi kutoka, Vuai alikuta uwanja umejaa watu. Alikuwa na kikapu kwapani. Alitabasamu lile tabasamu lake wanalolipenda watu.

"Nini tena? Nilifuata moto."

"Ulimwomba nani?" aliuliza Mosi. "Na mbona umeubeba kwenye kikapu?"

Kikapu kikafunuliwa. Kilikuwa kimejaa mbegu za Simai mpaka ukingoni.

Sheha alipofika alishindwa kumtazama mkwe wake usoni. Vuai mwenyewe aliwaongoza hadi kwenye pango nje ya kijiji, na humo vilikuwamo: majembe, shoka, vikapu, kimoja bado kina alama ya Pandu. Alieleza akiwa ameinamisha kichwa. Nguruwe walikuwa wamelila konde lake lote, mbegu zikamwishia, naye mkwe wa Sheha akaona haya kuomba. Alichukua kikapu kimoja tu, akiapa kurudisha. Lakini nyumba zilikuwa rahisi mno, na mkono ukazoea.

"Na siku alipokamatwa Mize?" aliuliza Sheha.

"Nilikuwa nimetoka humo muda mfupi tu," alisema Vuai.

Sheha alitaka aondoke kijijini siku ileile. Bi Mize akaomba kusema.

"Nyumba alizoingia ni saba," alisema. "Aende zote saba, na vitu vyao mkononi. Apige hodi, asimame nje mpaka aitikiwe. Anayetaka kumwitikia amwitikie. Asiyetaka amwache. Mimi nilisimama."

Ikawa hivyo. Wengine walimwitikia upesi kwa kumhurumia mkewe. Kwa Simai alisimama siku tatu, jua la utosini, kabla jamvi halijainuliwa. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Pandu, naye alifika asubuhi ambayo Mosi alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Bi Mize alikuwa akimwosha mtoto waliposikia sauti hafifu nje.

"Hodi."

Mosi alimtazama mkunga. Bi Mize alitikisa kichwa.

"Nyumba ni yako, mwanangu. Mimi siwezi kumwitikia."

Hodi ya pili ikaja, kisha ya tatu. Mosi alijiinua kwenye mkeka, akajifunga vizuri kanga yake.

"Karibu, Vuai," alisema kwa sauti iliyofika mpaka barazani kwa Bi Mwaka. "Weka kikapu hapo mlangoni. Halafu simama palepale nikuone."

Kuanzia siku ile, Kibondeni hapakuwa na aliyeingia kwa mtu kimya, na kutoka huko desturi ilisambaa vijiji vyote. Leo tuna makufuli, tuna milango ya mninga na madirisha ya nondo, na nasema fungeni, msione uvivu. Lakini kufuli haliwezi kuuliza mtu anatafuta nini. Ninyi mnaweza. Mkisafiri, mwambieni jirani. Mkisikia hodi kwa jirani aliyetoka, itikieni, semeni, "Hayupo, lakini sisi tupo." Na mkimwona mtu uwanjani kwa watu hajapiga hodi, muulizeni kwa sauti, bila woga, awe nani, awe mkwe wa nani. Mwenye nia njema atawajibu.