Uvimbe wa Saumu na Jina la Mtoto

Hapo zamani, na sisemi ile zamani ya sungura na fisi, nasema zamani ya juzijuzi, umeme umeshafika na watu wameshaanza kuringa, palikuwa na mwanamke akiitwa Saumu. Aliolewa na Kibwana, kwenye kijiji cha mashamba ya machungwa, akazaa mtoto wa kwanza, mwanamume. Jina la huyo lilitolewa na ukoo wa mume bila hata kumuuliza, maana ndivyo ilivyo kule: wa kwanza ni wao. Wa pili ndiye anayepewa jina na mama. Shikeni hilo, msije mkaniuliza baadaye.

Saumu akiwa ndani ya arobaini akaletewa mkandaji, Bi Chausiku. Mwanamke mkavu, viganja vipana, hana mtoto wala mjukuu, na amekanda wazazi wa kijiji kizima. Alipaka mafuta ya nazi, akaanza mgongoni, akashuka kiunoni, akafika ubavu wa kushoto. Mikono ikasimama.

Aliyekaa mlangoni kusimamia kazi alikuwa Mwajabu, dada yake Kibwana, wifi yake Saumu. Mwajabu alikuwa na wana wa kiume watupu na mdomo usiojua kufunga.

"Mbona umeacha?" akauliza.

"Hapa sikandi."

"Bi Chausiku, umeitwa ukande, hukuitwa uchague. Tumbo la mzazi likiachwa linabaki kama gunia."

"Basi njoo ukande wewe. Kuna kitu hapa chini ya mbavu. Bandama hiyo imevimba. Mpelekeni hospitali."

Haikuwa bandama. Bi Chausiku alikosea jina la kitu, mahali hakukosea.

Mwajabu akampeleka wifi yake hospitali, hilo nampa. Wakampima kwa ile mashine ya kupakwa kitu cha baridi tumboni, na ndani ya figo likaonekana dude jeupe, ukubwa wake kama limau. Mpimaji akasema, huu ni uvimbe, msubirini daktari. Saumu akasubiri. Mwajabu hakusubiri. Alipita sokoni akasema ni saratani. Hata jua halijatua, majirani wamekuja na mikeka, wanamlilia mtu anayekula ugali mbele yao.

Saumu hakulia. Alikuwa na swali lake moja tu: "Nitazaa tena?"

Kibwana akasema, "Hiyo figo itolewe yote. Mungu kampa mbili." Mwanamume hutoa figo ya mkewe upesi kuliko anavyotoa kuku wake.

Wakaenda kwa daktari. Daktari Namsifu, mama wa Kipare, mfupi, hajui haraka. Aliitazama picha, akamtazama Saumu, akairudia picha.

"Sikati," akasema.

"Daktari, mke wangu anakufa," akasema Kibwana.

"Anakufa yupi? Huyu anayenyonyesha? Kwanza nijue ninakata nini."

Akawatuma hospitali kubwa, kwenye mashine ya duara ambayo mtu anaingizwa kama mkate kwenye tanuri. Majibu yaliporudi, Daktari Namsifu akawakalisha chini.

"Ndani ya uvimbe huu kuna mafuta. Saratani ya figo si kawaida yake kubeba mafuta ya namna hii. Huu ni uvimbe wa mafuta na mishipa ya damu, hausambai, hauhami. Lakini mishipa yake ni dhaifu. Ukikua sana unaweza kupasuka, damu ikavujia ndani. Kwa hiyo kila mwaka njoo nikupime. Hapo usikandwe. Ukisikia maumivu ya ghafla ubavuni au ukikojoa damu, usingoje mwaka, njoo siku hiyo hiyo. Na ukitaka mtoto, uniambie kabla, maana mimba huukuza."

Kibwana akasema, "Yaani tumetoka kwetu mpaka huku kuja kuambiwa tukae?"

"Mkae mkitazama. Kukaa umefumba macho ni kitu kingine."

Basi wakarudi. Majirani wakakunja mikeka yao, na wengine, nawajua, walisikitika kidogo.

Mwaka ukapita. Mwajabu akaja mlangoni. "Saumu, vaa viatu."

"Siumwi, wifi."

"Sikukuuliza kama unaumwa. Vaa viatu."

Wakaenda, wakapima. Limau ni lile lile.

Mwaka ukapita. Mwajabu akaja mlangoni. "Vaa viatu."

"Wifi, unanichosha. Wewe ndiye uliyenifanyia matanga nikiwa hai."

"Na nilikosea. Sasa nataka uishi unitukane vizuri. Vaa viatu."

Wakaenda, wakapima. Limau ni lile lile.

Mwaka wa tatu Saumu akajificha shambani. Machungwa yalikuwa yameiva, alitaka kuvuna, alikuwa amechoka na mafuta ya baridi na foleni. Mwajabu akasimama barabarani akaita jina lake mpaka wenye mashamba ya ng'ambo wakatoka kutazama nani kafiwa. Saumu akatoka kwa aibu, majani kichwani.

"Vaa viatu," akasema Mwajabu.

Wakaenda, wakapima. Limau limekuwa chungwa.

"Na mimi nataka mtoto," Saumu akasema, pale pale kitandani, tumbo likiwa bado na utelezi.

Daktari Namsifu akasema, "Sasa ndiyo wakati wa kufanya kitu. Ukibeba mimba na hili lilivyo, nitakuwa silali." Akampeleka tena hospitali kubwa. Hawakumpasua tumbo. Walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinenani, wakaupandisha mpaka kwenye figo, wakaziba ule mshipa uliokuwa unaulisha uvimbe. Uvimbe ukanyimwa chakula, ukaanza kunywea. Figo ikabaki mahali pake na kazi yake. Daktari akapima, akapima tena, ndipo akasema, haya, nenda kwa mumeo.

Saumu akabeba mimba, akazaa mtoto wa kike, mzima, na yeye mzima.

Siku ya kumpa mtoto jina ndipo mambo yalipoanza. Kule kwao, mtu ambaye mtoto amepewa jina lake ndiye somo wa mtoto huyo. Si heshima ya mdomoni. Mtoto huyo atalala kwake akitaka, atamchotea maji akizeeka, atamfumba macho siku yake. Na jina ni moja.

Bi Chausiku akasema, "Sijazaa. Mikono hii imekanda watoto wa watu. Ningepitiliza siku ile kama wakandaji wengine, ungepasuka juu ya mkeka. Mikono ilisimama. Nipeni jina."

Mwajabu akasema, "Bibi, wewe ulisema bandama."

"Na wewe ulisema saratani, ukasemea sokoni."

Daktari Namsifu naye alikuja, na kitenge cha mtoto mkononi. Wakadhani amekuja kula pilau. Akasema, "Mimi ninaowakata hunitaja kila wakionyesha kovu. Nisiowakata hawanikumbuki. Mume aliomba nikate. Ningekata ningeshukuriwa, na figo nzima ingekuwa kwenye ndoo. Nilikataa. Nipeni jina."

Mwajabu akasema, "Ulikataa, lakini uvimbe ulikua mikononi mwako. Kungoja kwako, bila miguu yangu, kungemuua. Nani aliyemtoa shambani? Wanaume nimezaa, wa kuniita somo sina. Nipeni jina."

"Kweli ulimtoa," akasema daktari. "Lakini ungemtoa kumpeleka wapi, kama figo ilishatupwa?"

"Nyote mngeenda wapi," akasema Bi Chausiku, "kama nisingesema pana kitu?"

Kibwana akakohoa. "Na mimi je?"

Wanawake wote watatu wakamgeukia. "Kalete maji," akasema dada yake. Akaenda kuleta maji.

Shehe akainama, akaweka sikio karibu na mdomo wa Saumu, asikie jina amsomee mtoto. Saumu amempakata binti yake. Mbele yake yupo bibi asiye na mtu, yupo daktari aliyekataa kukata, yupo wifi aliyemwaibisha mbele ya kijiji kizima na kumtunza kijiji kizima kikitazama. Saumu akafungua mdomo.

Na mimi naufunga wangu hapa. Jibu la wote watatu silitaki, hilo ni la aliyesinzia. Haya, nyinyi mliokaa mnakula machungwa yangu: aliyegundua, aliyekataa kukata, au aliyesema vaa viatu. Je, mtoto yule alistahili kuitwa nani?