Mikono Iliyobaki Hewani

Wahenga waliposema kwamba mshika mbili moja humponyoka, hawakuwa wameona roboti. Truphena alizionja athari za maneno yao asubuhi moja mjini Malaba.

Truphena aliendesha roboti za nyumbani. Aliketi ghorofani, juu ya foleni ya malori, akiwa amevaa miwani iliyomwonyesha nyumba ya mbali. Alipoinua mkono, roboti ya huko nayo iliinua wake. Mteja wake alikuwa Mama Ajiko wa Funyula, mjane aliyepooza mguu. Gharama zililipwa na bintiye aliyefanya kazi Doha.

Siku hiyo tajiri wake, Etyang, alimwongezea nyumba ya pili, ya Kisumu.

"Boss, nikiwa huku, kule ataangalia nani?"

"Roboti ukiiacha inasimama tu, dada. Kwani itatoroka? Nikiajiri mtu wa pili nitafilisika. Na wewe nitakuongeza mshahara."

Truphena alikumbuka karo ya wanawe. Akakubali.

Alibandika mafuta jikoni Kisumu, kisha akahamia Funyula kumtoa Mama Ajiko kitandani. Alikuwa amemshika kwapani, miguu ya mama ikitafuta sakafu, king'ora cha Kisumu kilipolia na picha ya huko ikamtokea kwenye miwani. Mafuta ya Kisumu yalikuwa yameshika moto, na mtoto mdogo alikuwa akitambaa kuelekea jikoni! Truphena akarukia Kisumu, akazima jiko, akafunika sufuria, akamtoa mtoto nje.

Aliporejea Funyula, mikono ya roboti ilikuwa imekakamaa hewani, mitupu. Mama Ajiko alikuwa chini, mguu umepinda vibaya.

"Truphena, nimekuita, ukanyamaza kama jiwe. Mbona umeniacha?"

Truphena alitaka kumwinua, akaogopa. Mikono ile ya chuma haikujua maumivu, ingeweza kumvunja zaidi. Akampigia simu jirani, Aluka. Hadi Aluka alipofika mbio, Mama Ajiko alikuwa akigumia sakafuni, na Truphena akimwomba asifumbe macho.

Hospitalini Funyula ilibainika kuwa nyonga ilikuwa imevunjika. Binti wa Doha alivunja mkataba siku hiyohiyo.

"Rudi kwa kiti, Kisumu wanangoja," Etyang alisema.

Truphena akaiweka miwani mezani. "Ulikataa kutafuta mtu wa pili, boss. Sasa tafuta na wa kwanza."

Akashuka ngazi akilia, akaelekea Funyula kumwona mama aliyemwangusha. Kweli, mshika mbili moja humponyoka.